Ajenti anayeshika karatasi za parseli yako, nani alimpima?

Huko Salamabila, katika wilaya ya Kabambare, kusini mwa Maniema, kazi inayogusa dhahabu ina kadi yake. Sheria ya migodi ya mwaka 2002, iliyorekebishwa mwaka 2018, inamtaka mchimbaji wa mkono awe na kadi ya mchimbaji. Negosianti anayenunua dhahabu hiyo anatakiwa naye awe na kadi ya negosianti. Wakaaji wanajua kwamba kanuni hiyo haifuatwi siku zote, na kwamba wapo wanaochimba na kununua bila kadi yoyote. Hata hivyo kanuni iko, na maana yake inaeleweka: anayeshika mali ya watu lazima ajulikane, na siku mambo yakiharibika lazima kuwe na jina la kuuliza.

Lakini kuna mtu mwingine anayeshika mali kubwa kuliko gramu chache za dhahabu, na hakuna anayemuomba kadi. Ni ajenti wa mikopo. Ndiye anayekuja nyumbani na fomu, anapima parseli kwa macho, anauliza unauza nini na unapata ngapi kwa wiki, kisha anaweka karatasi zako ndani ya faili lake. Saini moja inaweza kumpa mama mwenye duka mtaji wa kuanza upya. Saini hiyo hiyo inaweza kuiweka nyumba ya watoto wake hatarini.

Nchini Congo, kibali cha kukopesha hupewa shirika. Sheria ya tarehe 2 Februari 2002 inahusu COOPEC, ile ya tarehe 15 Septemba 2011 inahusu mashirika ya mikopo midogo, na ile ya tarehe 27 Desemba 2022 inahusu mabenki na wakopeshaji wengine. Banki Kuu ya Congo hutazama mtaji wa shirika, viongozi wake na hesabu zake. Ajenti anayekaa uso kwa uso na mkopaji anaachiwa mwajiri wake. Mwajiri akimfundisha vizuri, ni bahati ya mkopaji. Akimpa siku mbili za maelezo na pikipiki ya kuzungukia wateja, mkopaji hana namna ya kujua.

Hilo ni pengo, na wakati umefika wa kuliziba. Yeyote anayeandaa mkopo unaoshika nyumba au parseli ya mtu anapaswa kufundishwa, kufanya mtihani, kupewa namba ya kibali, na kurudi darasani kila mwaka. Hayo hayapaswi kuishia Kinshasa na Lubumbashi. Yanapaswa kufika Kindu, Kasongo, na mpaka Salamabila.

Kuna atakayesema kwamba hilo ni jambo la miji mikubwa yenye maghorofa. Historia ya Salamabila yenyewe inaonyesha kinyume. Mji huu umekua pembeni ya mgodi wa Namoya. Kampuni ya Banro ilitangaza kuanza uzalishaji wa kibiashara hapo Januari 2016. Baadaye yakaja mashambulizi ya Mai-Mai Malaika na ugomvi wa muda mrefu kati ya kampuni, wachimbaji wa mkono na wakaaji juu ya vilima kama Mwendamboko. Mwaka 2019 Banro ilisimamisha kazi, na mgodi ukapita baadaye mikononi mwa wenyewe wengine. Kila mara kazi inaposimama, feza hupungua sokoni, na anayedaiwa anaendelea kudaiwa.

Katika mji wa namna hiyo, mshahara unaweza kukatika, duka linaweza kuporwa, na shimo linaweza kukauka. Kinachobaki mara nyingi ni parseli na nyumba iliyojengwa juu yake. Kwa familia nyingi hiyo ndiyo akiba, ndiyo urithi, ndiyo kimbilio la uzeeni. Kwa hiyo kosa la ajenti Salamabila lina uzito mkubwa kuliko kosa hilo hilo mahali ambapo mtu ana mshahara wa kila mwezi na bima.

Ajenti anapaswa kujua nini? Kwanza, ajue ardhi. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inasema ardhi ni ya Serikali, na kwamba haki ya mtu binafsi juu ya konsesyo inathibitishwa na cheti cha uandikishaji kinachotolewa na konservata wa hati za ardhi. Sheria hiyo hiyo iliahidi, katika kifungu cha 389, kwamba Rais wa Jamhuri angetoa agizo la kueleza haki za wanavijiji juu ya ardhi wanazokaa kwa desturi. Kwa zaidi ya miaka 40 agizo hilo halikutoka. Matokeo yake ni kwamba watu wengi vijijini na katika vituo vya migodi wanashika karatasi za namna nyingine: barua ya chifu, fishi ya parseli, au karatasi ya mauzo yenye saini za mashahidi.

Karatasi hizo zina maana yake mbele ya majirani. Lakini kwa rehani ya kisheria, ile wanasheria wa Congo wanayoiita hipoteki, hazitoshi. Congo ilijiunga na OHADA tarehe 12 Septemba 2012, na sheria ya OHADA ya dhamana, iliyorekebishwa tarehe 15 Desemba 2010, inasema wazi kwamba kwa kawaida ni mali isiyohamishika iliyoandikishwa tu inayoweza kuwekwa rehani. Ajenti asiyejua hilo anadanganya pande mbili bila kukusudia. Anamtisha mkopaji kwa dhamana ambayo haisimami, na anawaambia wenye akiba katika COOPEC kwamba feza yao ina ulinzi ambao haupo.

Pili, ajue asichoruhusiwa kuandika. Mkopaji mwenye haraka anaweza kuletewa mkataba wenye maneno haya: usipolipa, nyumba ni yangu. Sheria ya OHADA inaruhusu mapatano ya namna hiyo kwa masharti. Mweka rehani awe kampuni, au mtu aliyeandikishwa kwenye daftari la biashara, na jengo lisiwe la makaazi. Hata hapo, mtaalam lazima akadirie bei, na kinachozidi deni kinamrudia mwenye mali. Kwa hiyo nyumba ambamo mama analala na watoto wake haiwezi kuchukuliwa kwa sentensi moja ya mkataba. Mdai lazima apite kwenye tribinali.

Ni wakaaji wangapi wanaojua hilo? Na ni maajenti wangapi? Wapo wakopeshaji wanaozunguka kizuizi hicho kwa kumwambia mkopaji asaini karatasi ya kuuza parseli, huku wakimuahidi kwa mdomo kwamba itachanwa akimaliza deni. Ajenti aliyefundishwa anajua kwamba hapo hakuna mkopo tena, kuna mtego. Na kama ana kibali kinachoweza kunyang'anywa, ana sababu ya kukataa kuandika karatasi hiyo hata bosi wake akimuamuru.

Tatu, ajue familia. Sheria ya familia ya Congo, ile ya mwaka 1987 iliyorekebishwa Julai 2016, inataka mapatano ya mume na mke kabla ya kuhamisha konsesyo au kuiweka rehani. Marekebisho ya 2016 yaliondoa pia ile kanuni ya zamani iliyomtaka mke aombe ruhusa ya mume kwa matendo ya kisheria. Ajenti anayesainisha baba peke yake, mama akiwa shambani, ameanza na mkataba mgonjwa. Na ajenti anayemkatalia mama mkopo kwa sababu mume hayupo kumruhusu, wakati mama anaweka dhamana mali zake za biashara, anatumia sheria iliyokufa.

Nne, ajue hesabu, na ajue kuieleza. Hapa ndipo wengi wanapoumia bila kuona damu. Chukua mkopo wa dola 600 kwa miezi 12, riba asilimia 3 kwa mwezi. Ukihesabu riba juu ya dola 600 zote kila mwezi, hata baada ya mkopaji kuanza kulipa, riba ni dola 18 mara 12, yaani dola 216. Ukihesabu juu ya deni linalobaki, mkopaji akirudisha dola 50 za mtaji kila mwezi, riba yote inakuwa dola 117. Asilimia ni ile ile, tatu. Tofauti ni dola 99, ambazo kwa familia nyingi ni ada ya shule ya mtoto au zaidi. Njia zote mbili zinatumika duniani. Kosa ni kumwambia mtu "asilimia tatu tu" na kunyamaza juu ya namna inavyohesabiwa.

Kuongeza hapo, mikopo mingi Congo huandikwa kwa dola, huku muuza sombe na mafuta ya mawese akiuza kwa franga. Franga ikishuka, deni linapanda hata kama hajakopa tena. Na mchimbaji hapati feza kwa tarehe. Anapata siku jiwe linapotoa. Kumpangia malipo ya kila tarehe 5 ya mwezi kama mwalimu mwenye mshahara ni kumpangia kushindwa.

Mambo hayo manne hayahitaji shahada ya chuo kikuu. Yanahitaji kufundishwa kwa utaratibu, na mtihani unaoonyesha kama yameingia.

Marekani ilijifunza hilo kwa gharama kubwa. Kabla ya mwaka 2008, watu wengi huko walikuwa wakiandaa mikopo ya nyumba na kulipwa kwa kila mkopo uliopita. Aliyejaza fomu alipata chake mapema, na mkopaji akishindwa baadaye, hasara ilikuwa ya wengine. Familia nyingi zikapoteza nyumba, na mtikisiko ukafika mabenki ya dunia nzima. Tarehe 30 Julai 2008 Marekani ikapitisha sheria inayoitwa SAFE. Tangu hapo, anayetaka kuandaa mikopo ya nyumba nje ya mabenki ya amana lazima amalize angalau saa 20 za masomo, zikiwemo saa 3 za sheria za nchi na saa 3 za maadili. Kisha anafanya mtihani, na lazima apate asilimia 75. Akishindwa anangoja siku 30. Akishindwa mara tatu mfululizo anangoja siku 180. Alama zake za vidole zinachunguzwa, na anapewa namba ambayo mteja yeyote anaweza kuitafuta kwenye intaneti.

Baada ya hapo, kila mwaka anarudi darasani kwa saa 8, na haruhusiwi kurudia somo lile lile miaka miwili mfululizo ili kujaza saa tu. Sehemu hiyo ya kurudi darasani ndiyo inayoigusa Congo zaidi. Hebu fikiria ajenti aliyefundishwa mwaka 2010. Tangu hapo OHADA imeingia mwaka 2012, sheria ya familia imebadilika mwaka 2016, na sheria mpya ya mabenki imekuja mwaka 2022. Kisha tarehe 17 Oktoba 2023, mjini Kinshasa kwenyewe, nchi za OHADA zikapitisha sheria mpya ya namna ya kudai madeni na kushika mali. Ajenti huyo anaweza kuwa mtu mwaminifu kabisa, lakini kama hakurudi darasani, anawaeleza watu wa 2026 sheria za babu zao.

Karibu na nyumbani, Tanzania ilipitisha sheria yake ya huduma ndogo za fedha mwaka 2018. Sheria hiyo iligawa wakopeshaji katika madaraja manne, kuanzia mabenki ya mikopo midogo mpaka vikundi vya kijamii, na kumlazimu kila mkopeshaji awe na leseni au usajili. Hiyo ni hatua nzuri, lakini nayo inashika zaidi biashara ya kukopesha kuliko mtu anayejaza fomu. Congo, ambayo sasa ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, inaweza kuchukua hatua hiyo na kuongeza ya pili.

Wapinzani wa wazo hili wana hoja mbili nzito, na hazifai kupuuzwa.

Ya kwanza ni kwamba masharti yakizidi, mashirika yatakimbia Salamabila, na watu watabaki na "banki lambert", wale wakopeshaji wa mtaani wasioandikishwa popote, wanaotoza riba ya kukata shingo. Hatari hiyo ni ya kweli. Ndiyo maana kibali kinapaswa kuanzia pale hatari ilipo kubwa, yaani kwa mikopo inayoshika parseli au nyumba. Likelemba na vikundi vya AVEC, ambako wanachama wanakopeshana akiba yao wenyewe na kujuana kwa majina, wasiguswe. Mkopo mdogo wa mtaji wa soko usio na rehani ya nyumba uendelee kwa wepesi wake. Na saa 20 za masomo ni chini ya wiki moja ya kazi. Shirika lisiloweza kumtoa ajenti wake siku chache kabla ya kumkabidhi nyumba za watu lijiulize kama linafaa kukopesha.

Hoja ya pili inauma zaidi. Congo ina historia ya karatasi zinazouzwa. Kadi inaweza kugeuka ushuru mwingine, na mtihani unaweza kugeuka bahasha. Wakaaji wa Kasongo na Kabambare wamelipa vizuizi vya kutosha njiani kujua hilo. Jibu ni kupanga mambo ili bahasha isiwe na nafasi kubwa. Anayefundisha asiwe anayesahihisha. Orodha ya waliofaulu, na namba zao, ibandikwe hadharani kwenye mlango wa kila ofisi ya mikopo na isomwe redioni. Ada iwe moja, ijulikane, na ilipwe na mwajiri. Na kibali kikinyang'anywa, jina hilo nalo litangazwe, ili ajenti aliyefukuzwa Kindu asionekane mwezi unaofuata Kasongo na faili jipya.

Vyombo vya kuanzia vipo. Banki Kuu ya Congo ndiyo inayotoa vibali vya mashirika, kwa hiyo ina nguvu ya kuweka sharti hili na kuandaa mtihani. INPP, iliyoundwa mwaka 1964 kwa ajili ya mafunzo ya kazi, inaweza kubeba masomo. Chuo kikuu cha Kindu kina walimu wa sheria na uchumi. Kinachokosekana ni uamuzi.

Kisha kuna suala la lugha. Katiba ya mwaka 2006 inataja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa. Mkopaji wa Salamabila anasikia Kiswahili, anahesabu kwa Kiswahili, na akidanganywa anadanganywa kwa Kiswahili. Ajenti anayeweza kueleza riba kwa Kifaransa cha vitabu peke yake hajaonyesha kwamba anaweza kazi yake. Sehemu ya mtihani inapaswa kuwa ya mdomo, kwa Kiswahili: mueleze huyu mama, kwa maneno anayoyajua, atalipa ngapi kwa jumla, na nini kitatokea akishindwa. Asiyeweza kueleza hivyo asipewe namba.

Mambo haya yote yatachukua muda, na deni halingoji. Kwa sasa mkaaji anayeletewa fomu ana haki ya kuuliza maswali matano kabla ya kushika kalamu. Nitarudisha feza ngapi kwa jumla, na si asilimia ngapi? Riba inahesabiwa juu ya mkopo wote au juu ya deni linalobaki? Karatasi hii ninayosaini ni ya mkopo au ni ya mauzo? Nikichelewa mwezi mmoja, nini kinatokea? Na nakala yangu iko wapi? Ajenti anayekasirishwa na maswali hayo ameshajibu.

Viongozi wa mashirika ya mikopo wana maswali yao pia. Wabunge wa Kabambare na Kasongo, shirika la raia, na wakuu wa COOPEC wanaweza kuanza kabla sheria haijatoka, kwa kukubaliana kwamba hakuna ajenti atakayegusa parseli kusini mwa Maniema bila kupita darasani. Makubaliano ya namna hiyo hayahitaji ndege ya kwenda Kinshasa.

Mchimbaji anatakiwa na kadi ili achimbe shimo. Anayemsainisha mchimbaji huyo karatasi za nyumba yake hapaswi kudaiwa kidogo kuliko yeye.